Bakuli Ndani ya Popo

Katika mji wetu hatusemi tunasafiri. Tunasema tunaning'inia. Mtu akifika kutoka ng'ambo huulizwa, "Umening'inia salama?" naye hujibu, "Salama, nimenyooka," hata kama midomo bado inamtetemeka na mikono yake inatafuta ukuta wa kushika.

Reli yetu haikulazwa ardhini. Bonde letu ni jembamba, mto umechukua sakafu yote, na sisi tumebaki tumebandikwa ubavuni kama viota. Basi reli ikatundikwa hewani, juu ya mto, ikifuata kila kona yake, ikabebwa na miguu ya chuma iliyotanuliwa: mguu mmoja ukingo wa soko, mguu mwingine ukingo wa makaburi, safu ndefu ya majitu yaliyosimama kukojoa mtoni yakasahau kuondoka. Behewa halikanyagi reli. Limeshikwa nayo kwa juu, magurudumu yako darini, tumbo liko wazi hewani. Ndiyo maana tunaliita Popo. Kutu yake hudondoka ndani ya sufuria zetu za uji. Grisi yake huchora nguo tulizoanika. Watoto wetu hawalali mpaka lipite, na likipita hulia.

Nani aliitundika? Ukiuliza sokoni utaambiwa ni mtawala wa kwanza. Ukiuliza makaburini, hujibiwi. Mimi nimeuliza kote. Nilizaliwa na swali hilo kama wengine wanavyozaliwa na jino, na watu wakaniogopa vivyo hivyo. Kinachojulikana ni kimoja tu: siku ya kwanza behewa liliachwa huru, likawa linabembea kidogo kila kona, na mtawala aliyekuwamo akatapika mbele ya wake zake. Aliposhuka aliamuru lifungwe makucha ya chuma, kulia na kushoto, ya kulikaza relini lisibembee tena. Tangu siku hiyo Popo habembei. Tangu siku hiyo Popo amelala upande, upande wa makaburi.

Hilo la mwisho halisemwi. Linalosemwa ni kwamba kuna abiria wazito.

Kwa sababu hiyo tuna Mlinganishi. Yeye husimama mlangoni na fimbo yake nyeusi na kofia yake ya mkeka, na kila anayeingia humwekea mkono begani, humsikiliza kwa kiganja, kisha humwambia: wewe upande wa soko, wewe upande wa makaburi. Hapimi nyama. Hupima kile ambacho mtu amekibeba ndani. Mjane wa juzi ni mzito. Mwenye hasira ni mzito. Aliyeota ndoto akaikumbuka ni mzito. Na Popo akifika katikati ya safari, kengele ikalia, maana yake bado tumelala, bado kuna aliyezidi. Hapo Mlinganishi hutembea kati ya viti vya upande wa makaburi, akamgusa mmoja kwa fimbo. Mlango hufunguliwa. Kuna ubao umetoka katika mguu wa chuma, hauna ngazi, hauna paa, hauna ukingo, chini yake ni ukungu. Tunauita Kituo cha Kati. Aliyeguswa hushuka pale, na abiria wote humwambia kwa pamoja, bila kumtazama, "Ahsante kwa kutunyoosha." Kengele hunyamaza. Mlango hufungwa. Watu hupumua, hujinyoosha mgongo, huanza kula karanga.

Baba yangu alishuka kati. Sijui zaidi ya hapo. Mama hajawahi kulitamka jina lake tena, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Wakati mmoja alikuja mgeni, akakaa kwetu kidogo, akashindwa kula. Alisema, "Mbona nyote mnasimama kama watu wanaosikiliza kitu kwa sikio moja?" Tulimcheka mpaka akaondoka. Lakini mimi nilikwenda nyumbani nikatazama picha zetu ukutani, nikatazama rafu, nikatazama fremu ya mlango, nikajitazama katika kioo. Nikaona kila kitu kiko sawa. Na hofu yangu ilianzia hapo, katika kuona kwamba kila kitu kiko sawa.

Je, mtu anaweza kusimama wima ikiwa hajawahi kumwona aliyesimama wima? Wima ni nini? Ni mwili, au ni makubaliano? Nikiwa peke yangu gizani na macho nimefumba, ni nani ananiambia huku ni juu?

Nilikuwa kijana, nilikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto na kiburi katika yote mawili. Hakuna aliyenifundisha kutunga. Nilijifunza kwa kuhesabu mapigo ya Popo juu ya paa letu. Nilitunga ubeti, nikauimba arusini, nikauimba msibani, nikauimba mbele ya nyumba ya Mlinganishi ili ausikie:

*Mji unaning'inia, juu ya mto ukungu,*
*Tumezoea kulia, kimya ndani ya mafungu,*
*Mimi sitainamia, fimbo ya mtu mwenzangu,*
*Zamu ikinifikia, nitashuka kwa miguu.*

Watu walipiga makofi. Mlinganishi alitoka barazani, akasikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani.

*

Dada yangu Saumu aliolewa ng'ambo, na huko alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Kwetu mtoto haogeshwi maji ya kutolewa nje mpaka bibi yake mzaa mama ayalete kutoka kisima cha nyumbani kwake. Mtoto asiyeoga maji hayo hakatazwi kuishi, lakini husemwa kwamba hajui alikotoka, na hulia akigeukia ukuta. Mama yangu, Bi Mwanakheri, alikuwa mgonjwa wa kifua, amekonda, sauti yake imebaki uzi. Hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kumfikishia mjukuu wake maji.

Juu ya mlango wa Popo pameandikwa kwa rangi nyekundu: MAJI YA WAZI MARUFUKU. Chupa iliyofungwa, haidhuru. Lakini maji ya kisima hayafungwi ndani ya chupa, hubebwa katika bakuli, yapate hewa, ndivyo walivyofanya bibi zake mama yangu wote. Tukiwa wadogo tuliambiwa kwamba maji huita maji, kwamba mto ukisikia ndugu zake juu utainuka. Tuliamini. Hata mimi niliamini, mimi niliyekuwa siamini chochote.

"Mama," nilimwambia tukiwa njiani kwenda kituoni, "ficha vizuri."

"Nimefunika kwa kawa, nikazungushia kanga mbili. Wewe funga kinywa chako tu. Kinywa chako ndicho hakina kifuniko."

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Mlinganishi wa siku zile aliitwa mzee Ngwali. Alikuwa amekua mtaa mmoja na mama, wakicheza pamoja chini ya miguu ile ile ya chuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado unatunga?"

"Natunga."

Akaniwekea mkono begani. Kiganja chake kilikuwa baridi kama kitasa. "Upande wa soko," alisema. "Maneno mengi ni mzigo, lakini ya kwako bado yako mdomoni, hayajafika tumboni."

Abiria wakacheka. Aliyecheka zaidi alikuwa Bi Chausiku muuza vitumbua, mwanamke mpana, mwenye kapu lake mapajani. "Mwacheni malenga wangu," alisema. "Kaa hapa karibu nami, baba. Mimi kila siku soko, kila siku soko! Siku mtakaponiona nimepelekwa makaburini, jueni hata vitumbua vyangu vimenisema vibaya."

Mzee Ngwali akamwekea mama mkono. Akauacha pale muda mrefu.

"Mwanakheri."

"Naam, kaka Ngwali."

"Umekonda."

"Nimekonda."

"Mbona bega lako zito?"

"Nina mjukuu ng'ambo. Sijamwona bado."

Alimtazama tumboni, pale kanga zilipovimba. Nilimwona akitazama. Kisha akasema taratibu, "Upande wa makaburi."

"Mzee!" Nilisimama. "Huyu ni mwepesi kuliko kapu la Bi Chausiku. Tazama mkono wake!"

"Keti, kijana," alisema mzee Ngwali. "Ukisimama unatulaza."

Na abiria wote, Bi Chausiku akiwa mmoja wao, wakanishika shati wakanivuta chini. Hawakunivuta kwa ubaya. Walinivuta kama watu wanavyomvuta mtoto asiangukie jikoni.

*

Popo aliondoka. Sikieni sauti yake: si mlio wa treni, ni mlio wa mlango mkubwa unaofunguliwa bila kwisha kufunguka. Nje ya kioo paa za nyumba zilipita chini ya visigino vyetu, kisha migomba, kisha weupe. Ukungu ulipanda mpaka tukawa tumening'inia ndani ya maziwa. Nilishika ukanda wa ngozi uliotoka darini. Kila aliyewahi kuushika alikuwa ameacha jasho lake humo, na nilihisi nimeshikana mikono na watu ambao hawapo.

Mtu ni nini, akiwa amening'inia? Hana chini. Chini ndiyo inayotupa sisi majina: huyu wa mtaa huu, huyu wa kaburi lile. Ondoa chini, na jina linaanza kulegea kama jino. Niliwatazama wenzangu mmoja mmoja, nikaona nyuso zao zinahamahama. Bi Chausiku alikuwa na macho ya mama. Mama alikuwa na kidevu changu. Nilijigusa kovu ili nijue mimi ni yupi.

Karibu na Kituo cha Kati, reli inapogawanyika mbili, Popo anayekwenda hupishana na Popo anayerudi. Hupita karibu, kioo kwa kioo, kama si vioo ungenyoosha mkono ukamgusa mtu. Hapo abiria wote hufunika nyuso. Wanawake hushusha kanga, wanaume huvuta kofia. Husemwa kwamba behewa linalorudi huwa limekubeba wewe mwenyewe, umeshakuwa vile utakavyokuwa, na ukitazama usijione, hutarudi. Kwa hiyo hatutazami. Ni desturi ya zamani na ya adabu. Tumejengewa woga wetu kwa adabu.

"Funika uso, malenga," Bi Chausiku alininong'oneza kutoka ndani ya kanga yake.

Sikufunika. Nimekwisha kusema nilikuwa na kiburi. Niliinua uso wangu.

Behewa lilitoka katika ukungu, kimya, madirisha yake ya manjano. Watu waliofunikwa. Watu waliofunikwa. Kisha mmoja ambaye hakufunikwa: mzee, kofia ya mkeka kichwani, fimbo nyeusi mkononi. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Juu ya jicho lake la kushoto palikuwa na kovu. Alikuwa anafungua na kufunga kinywa, anarudia neno moja, tena kwa nguvu, mishipa ya shingo imemsimama, na povu la mate limekipiga kioo. Sikusikia kitu. Nyuma yake alikaa binti aliyefunikwa, na mapajani mwake kitu cha duara chini ya kanga.

Nilimtafuta mama katika behewa lile mpaka dirisha la mwisho. Hakuwamo.

Kengele ikalia.

*

Hapa ndipo nilipotakiwa kuwa na ubeti. Mtu akitunga maisha yake yote, hutunga kwa ajili ya saa moja. Saa ikafika, na kinywani nikakuta ulimi, ulimi mtupu, kipande cha nyama.

Popo alisimama. Mzee Ngwali alipita kati ya viti. Hakuharakisha. Fimbo ikagusa goti la mama yangu kwa upole, kama mtu anayemwamsha aliyesinzia.

"Mwanakheri. Tunyooshe."

Mama alikohoa. Hakulia, hakubisha. Alisimama, akashika kiti hiki na kile mpaka akafika mlangoni, ambao ulikuwa umeshafunguliwa na ukungu unaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Aliweka mguu mmoja ubaoni. Nyuma yangu nilisikia wenzangu wakishusha pumzi. Mtu mmoja alisema, "Eeh, tumenyooka." Mwingine akaanza kumenya karanga.

"Njoo, mwanangu," mama aliniita. "Njoo uchukue hiki. Mpelekee Saumu. Mwambie asiyatie ya moto."

Nikaenda. Alifungua kanga ya kwanza, akafungua ya pili, akaondoa kawa.

Lilikuwa bakuli la bati, jeupe, mdomo wake wa buluu. Maji yalikuwa yamelala ndani yake upande. Upande wa makaburi yaligusa mdomo wa buluu, nusura yamwagike. Upande wa soko yalikuwa yameshuka, weupe wa bati umebaki mtupu. Nilidhani nimelishika vibaya. Nikaliweka bakuli sakafuni, sakafu ambayo miguu yangu iliapa kwamba iko sawa. Maji yakabaki upande. Nikaligeuza kama mtu anayegeuza usukani. Bakuli lilizunguka, maji hayakulifuata. Mama alikuwa ameshatoka upande wa makaburi, nusu ya mwili wake ilikuwa nje, watu walikuwa wameshanyooka na wanakula karanga, na maji hayakuwa na habari.

Maji hayajawahi kuambiwa wima ni nini.

Hapo nikaona, kwa mara moja, kama mtu anavyoona shimo baada ya kuliruka. Si sisi tuliozidi. Ni reli. Miguu ya upande wa makaburi imezama katika udongo uliochimbwachimbwa, na makucha yamelikaza behewa lilale pamoja na reli. Lingeachiwa libembee lingejinyoosha lenyewe. Baba yangu hakuwa mzito. Hakuna aliyewahi kuwa mzito.

"Malenga," Bi Chausiku alisema, shingo ameirefusha, sauti yake haina utani tena. "Maji yako yana nini?"

Mzee Ngwali alikuwa ameshainama karibu na sikio langu. Pumzi yake ilinuka karafuu.

"Mwaga."

"Umeyaona?"

"Nimeyaona kabla hujazaliwa. Mwaga, wasije wakayaelewa."

"Waelewe! Waelewe wote! Mmewashusha watu bure..."

"Punguza sauti. Ukishawaambia kwamba reli imelala, watakimbilia wapi? Chini kuna nini?"

"Kuna mto."

"Umewahi kuuona?"

Nilikuwa nimeusikia tu, maisha yangu yote.

"Kengele hii naipiga mimi," alisema mzee Ngwali, akaonyesha kwa macho. Kulikuwa na kitufe cha shaba kirefu kama ufito, kimetambaa sakafuni kati ya viti mpaka mlangoni, kimelika, na mguu wake ulikuwa juu yake. "Siku moja sikuipiga. Nilisema leo tupite tu. Walianza kutazamana. Walitazamana, wakatazamana, kisha wakamshusha mmoja wenyewe, kisha wa pili, kisha wakaanza kuwatoa walio karibu na mlango. Mpaka nilipopiga kengele wakatulia. Mimi ndiye niwapunguziaye woga. Sasa sikia. Mwaga maji hayo, nami namrudisha mama yako kitini. Atamwona mjukuu wake leo hii."

Nilimtazama mama. Mguu mmoja ndani, mguu mmoja ubaoni. Kanga yake imelowa ukungu. Hakusikia tulichosema, au alisikia. Alikuwa ananitazama mimi, si bakuli.

"Ya mtoto hayo," alisema. Ni hayo tu aliyoyasema.

Semeni ninyi. Ninyi ambao mnasoma mkiwa mmekaa juu ya kitu kilichokaa juu ya ardhi. Mngeshika nini? Kweli haina kifua kinachokohoa. Kweli haikukubeba mgongoni. Nilisema, mama kwanza, kweli nitakuja kuisema baadaye, nitaitungia utenzi mzima, kweli haiendi popote.

Nikamwaga. Maji yalikwenda mlangoni, yakapita kando ya unyayo wa mama, yakaingia ukunguni. Sikuyasikia yakifika.

"Rudi ukae, Mwanakheri," alisema mzee Ngwali. Mama akarudi, akakaa upande ule ule wa makaburi.

Lakini kengele ilikuwa inaendelea kulia.

"Iachie," nilisema. "Mzee, inua mguu."

Alivua kofia yake ya mkeka, akanivika mimi. Ilikuwa na joto la kichwa chake. Kisha akanitia fimbo mkononi, akaikunja mikono yangu juu yake, kidole kimoja kimoja.

"Hata mimi nilikuja na bakuli," alisema. "La mke wangu. Kazi hii hapewi asiyeona. Asiyeona huamini, na anayeamini hatosheki na mmoja. Hupewa aliyeona akamwaga." Akaketi upande wa soko kama abiria yeyote, akafumba macho. Uso wake ulilegea, ukawa wa mtoto. "Chagua, kijana. Wanasubiri."

Nikageuka. Wote walikuwa wananitazama, na wote walikuwa wadogo. Fimbo ilikuwa nyepesi, ilitembea yenyewe.

"Si mimi, baba," Bi Chausiku alisema, kapu amelikumbatia. "Nimekupa vitumbua ukiwa mdogo hivi. Si mimi. Nina oda za watu."

Nikafungua kinywa niwaambie. Naapa nilikifungua. Lakini bakuli lilikuwa tupu, na mtu aliyeshika bakuli tupu anasema nini kuhusu maji?

Mama akasimama.

"Keti, mama."

"Mwanangu hataanza na mtu wa watu," alisema.

Alipita mbele yangu akinyanyua upindo wa kanga ili asiburute, kama anatoka kwenda uani. Akashuka mlangoni kwa miguu yote miwili. Ukungu ukamshika hadi kiunoni, hadi mabegani. Kikohozi chake kilisikika mara moja, mbali zaidi ya ilivyowezekana.

"Ahsante kwa kutunyoosha," walisema wote.

Na nikasikia kinywa changu kikisema pamoja nao.

*

Saumu alikuwa ng'ambo, kituoni, mtoto kifuani.

"Mama yuko wapi?"

"Alishuka kati."

"Na maji?"

"Maji gani?" nilisema.

Mtoto aligeuka, akalia akiuelekea ukuta.

Baada ya hapo sijui. Siku ziliungana. Mabega: nimeyagusa yote, mabega ya waliokuwa hawajazaliwa na mabega ya watoto wao. Soko. Makaburi. Soko. Utenzi nilioahidi ulianza kila asubuhi na ukafia kwenye kitufe cha shaba. Nilifahamu jinsi ya kuchagua: usitazame macho, tazama magoti. Nilifahamu kwamba usingizi ni chumba chenye mlango upande mmoja tu. Bi Chausiku alizeeka, akaendelea kupanda, hakunitania tena. Wakati mwingine, ukungu ukiwa mzito, nilisikia kikohozi chini ya sakafu, kikitufuata kona hadi kona, na nilikanyaga kengele ili nisikisikie. Je, mimi ndiye ninayeitawala kengele, au mguu wangu ni sehemu yake ya mwisho? Nani alimtundika nani?

Na leo asubuhi, kituo cha ng'ambo, ameingia binti. Nimemwekea mkono begani, nikahisi uzito ambao niliwahi kuubeba.

"Jina lako?"

"Mwanakheri, mjomba. Mtoto wa Saumu. Hunijui kwa sababu huji kwetu."

Amebeba kitu cha duara chini ya kanga. Nimetazama, nikajifanya sikutazama. "Unakwenda wapi, mjomba?" nimemwuliza, kwa maana kwetu mpwa naye huitwa mjomba.

"Dada yangu aliyeolewa mjini kwenu amejifungua. Mama ni mgonjwa, amenituma mimi na ya kisima chake."

"Upande wa makaburi," nimesema. Ulimi umezoea.

Tukaning'inia. Ukungu ukapanda. Abiria wakafunika nyuso, naye akashusha kanga yake, na behewa la pili likatoka katika weupe kuja kwetu. Nikatazama. Watu waliofunikwa. Watu waliofunikwa. Kisha kijana mmoja, uso juu, kovu juu ya jicho, kiburi kinamwaka mashavuni. Ng'ambo ya viti, mwanamke aliyekonda amekumbatia kanga zilizovimba.

Mama!

Nilijitupa kiooni. "Usimwage!" nilipiga kelele. "Usimwage! Usimwage!" Mate yangu yalikipiga kioo. Alinitazama kwa makini, kijana yule, mpumbavu yule, mzuri yule, na nikaona kabisa kwamba hasikii. Macho yake yakaniacha, yakawa yanatafuta dirisha kwa dirisha. Wakapita.

Kengele ilikuwa inalia. Mguu wangu ulikuwa juu ya shaba. Sikumbuki kuuweka.

Mlango ulifunguka. Abiria walifunua nyuso, wakanigeukia. Binti hakungoja fimbo. Alisimama, akafungua kanga, akaondoa kawa, akatazama ndani ya bakuli. Alitazama muda mrefu. Kisha akainua macho, na ndani yake niliona swali langu likiwa bichi, likiwa na jino.

"Mjomba," alisema, mbele ya watu wote, "mbona yamelala?"

Hata karanga zilinyamaza. Mikono ya abiria ilianza kushika viti, na niliona wameanza kutazamana, taratibu, kama mzee Ngwali alivyosema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, neno la kazi yangu, silabi mbili: mwaga. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo. Si kwa sababu nilijua kilichoko chini. Kwa sababu sikujua, na nilikuwa nimewatuma wengi wakajue badala yangu.

Niliinua mguu kwenye shaba. Kengele ikakata.

"Imelala reli," niliwaambia. "Hakuna aliyezidi. Hajawahi kuzidi mtu. Njooni mtazame maji yake." Nikavua kofia, nikaitupa nje pamoja na fimbo. Tulitega sikio wote. Hatukusikia kitu.

"Malenga," aliita Bi Chausiku kutoka upande wa soko, sauti kavu, "unakwenda wapi, baba?"

Nilipita mbele ya binti. Safari hii hapakuwa na kioo kati yetu.

"Usimwage," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akalishika bakuli kwa mikono miwili.

Hakuna aliyenishukuru. Nilitoka mlangoni kwa miguu yangu. Ubao ulikuwa baridi, na ulikuwa umelala kama kila kitu chetu. Mahali fulani katika ukungu mtu alikohoa. Nikaachia mlango, nikafuata ule usawa wa maji ya bakuli uliobaki machoni mwangu, nikasimama wima kwa mara ya kwanza. Na nyuma yangu behewa zima likapiga ukelele, kwa sababu kwa macho yao nilionekana kama mtu anayeanguka.